Idd, Wanga na Mgonjwa wa Sukari: Historia ya Meza Yetu



Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake wote.

Ndugu yangu katika imani, kila Idd inapokaribia kuna swali ambalo hunijia kwa wingi. Mwenye kuuliza husema hivi: "Shekhe, mama yetu ana sukari. Daktari amemwambia apunguze wali, mikate na vitamu. Sasa siku ya Idd tutapika nini? Idd bila pilau na kaimati itakuwa Idd kweli?"

Usilidharau swali hili. Katika nyumba zetu nyingi mambo huwa namna mbili. Ama mama huyo mwenye sukari anasimama jikoni tangu alfajiri, anapikia watu ishirini, kisha wakati wa kula anajiwekea kisahani chake pembeni, peke yake, kama mtu aliyetengwa. Ama anaambiwa, "Kula tu mama, Idd ni mara moja," anakula wali, sambusa, tambi na soda, na siku ya pili ya Idd watoto wake wako hospitali wanasubiri majibu ya kipimo. Njia zote mbili zina dhulma ndani yake. Ya kwanza inamvunja moyo, ya pili inamuumiza mwili.

Leo nataka tulijibu swali hili kwa historia. Mtu akijua chakula chake kimetoka wapi, hawi mtumwa wa mazoea. Soma taratibu mpaka mwisho, maana mapishi yenyewe nimeyaweka huko chini.

1. MADINA: MEZA ALIYOKAA MTUME (s.a.w.)

Tuanze na mwenye kigezo chema. Alikula nini Mtume (s.a.w.)?

Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba ilikuwa ikipita miezi na moto haujawashwa katika nyumba za Mtume, na chakula chao kilikuwa tende na maji, na maziwa waliyoletewa na majirani wa Kiansari. Naye Sahl bin Sa'd (r.a.) aliulizwa kuhusu unga mweupe uliochekechwa. Akajibu kuwa Mtume (s.a.w.) hakuuona mpaka anafariki, wala hawakuwa na chekeche. Walikuwa wakisaga shayiri, wakaipuliza, makapi mepesi yakaruka, na yaliyobaki wakayakanda. Riwaya hizi zimo katika Sahihi Bukhari.

Zingatia hapo, ndugu yangu. Mkate wao ulikuwa wa shayiri nzima, mzito, wenye makapi yake, tena haukuwapo kila siku. Mikate myeupe laini unayoiona leo katika kila duka la mtaani ni kitu ambacho bora wa viumbe hakukijua.

Anas bin Malik (r.a.) naye amesimulia habari ya fundi cherehani aliyemwalika Mtume chakula. Palikuwa na mkate wa shayiri na mchuzi wenye mumunye na nyama iliyokaushwa. Anas akamwona Mtume akilitafuta mumunye katika pande za sahani, na tangu siku hiyo Anas akalipenda mumunye. Mumunye! Mboga ambayo sisi tunaiona ya kimaskini.

Sasa iko hadithi ambayo nataka uishike vizuri, kwa sababu ndiyo msingi wa maneno yangu yote ya leo. Wameipokea Abu Dawud, Tirmidhi na Ibn Majah kutoka kwa Ummu Mundhir (r.a.). Mtume aliingia nyumbani kwake akiwa na Ali (r.a.), na Ali alikuwa ndiyo kwanza anainuka kutoka katika ugonjwa. Palikuwa na mashada ya tende yametundikwa. Mtume akaanza kula, na Ali naye akanyoosha mkono. Mtume akamzuia, akamkumbusha kuwa bado ana udhaifu wa maradhi. Ummu Mundhir akaenda akapika chakula cha shayiri na silq, akakileta. Mtume akamwambia Ali ale katika hicho, kwani kinamfaa zaidi.

Silq ni mboga ya majani, ya jamii moja na mchicha wetu. Na tende ni chakula cha baraka, chakula alichokipenda Mtume mwenyewe. Hata hivyo alimzuia mgonjwa, tena mbele za watu, tena akiwa mgeni katika nyumba ya watu. Na mwenye nyumba hakununa. Hakusema, "Tende za kwangu zina ubaya gani?" Aliinuka akapika kinachomfaa mgonjwa.

Basi ukimwambia mama yako mwenye sukari, "Mama, acha hicho, nimekupikia hiki," hukumkosea adabu. Umefuata mwenendo ulio na asili.

2. BAGHDAD: KAIMATI ZILIKUWA ZA NANI?

Sasa tutoke Madina twende Baghdad, zama za Bani Abbas. Dola imekuwa kubwa, mali imekuwa nyingi, na wapishi wa makhalifa wakaanza kuandika vitabu. Kimoja ni cha Ibn Sayyar al-Warraq, cha karne ya 10. Kingine ni cha Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi, cha mwaka 1226.

Ukitazama vitabu hivyo utakutana na jamaa zako. Sambusa imo, kwa jina la sanbusaj, imejazwa nyama na kukaangwa kwa mafuta ya ufuta. Imo pia andazi ndogo ya duara inayokaangwa na kuchovywa katika asali au shira, wakiiita tonge la kadhi. Ukoo huo wa matonge ndio Waarabu wa Ghuba wanaouita luqaymat, na sisi pwani tukasema kaimati.

Kwa hiyo kaimati ina heshima yake, ina historia ya karne nyingi. Lakini jiulize: ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya meza za watu wakubwa. Sukari ya wakati huo ilikuwa ghali, ikiuzwa pamoja na dawa. Mtu wa kawaida alionja tamutamu kwa nadra. Leo sisi tunakaanga beseni zima kila siku ya Ramadhani, siku thelathini, kisha Idd tunaongeza.

Jambo la pili la Baghdad: vitabu hivyo vya mapishi havikumsahau mgonjwa. Al-Warraq ameweka vyakula maalumu vya wagonjwa pamoja na vyakula vya wenye afya. Mpishi wa zama zile alijua kuwa kazi yake ni kuwalisha wote walioko nyumbani.

Na matabibu wetu waliujua ugonjwa huu wa sukari. Jina lake la kizungu, dayabetisi, linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kitu kinachopitisha maji moja kwa moja, kwa sababu mgonjwa hunywa na kukojoa bila kukatika. Aretaeus wa Kapadokia aliueleza katika karne ya 2. Wahindi wa kale wao waliuita mkojo wa asali, kwa kuwa waliona sisimizi wakiufuata. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliuandika katika Qanun yake. Na Abdul-Latif al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 1231, akautungia risala peke yake. Hawakuwa na kipimo cha damu wala insulini, lakini hawakumwambia mgonjwa kuwa amerogwa, wala hawakumwambia ale tu kwa kuwa ni sikukuu.

3. PWANI YETU: TULIKULA NINI KABLA?

Sasa turudi nyumbani. Wengi hudhani kuwa babu zetu wa pwani walikula wali tangu siku ya kwanza. Ardhi yenyewe inatueleza habari nyingine. Uchimbaji wa akiolojia uliofanywa Pemba umeonyesha kuwa katika mji wa zamani wa Tumbe, uliostawi kati ya karne ya 7 na ya 10, nafaka kubwa ilikuwa uwele. Ni katika mji uliofuata wa Chwaka, kuanzia karne ya 11, ndipo mchele unaonekana kwa wingi. Wali ulipanda cheo kadiri miji ilivyotajirika kwa biashara ya bahari.

Mwaka 1331 akaja msafiri mkubwa, Ibn Battuta wa Tangier. Mogadishu alikaribishwa kama inavyokaribishwa watu wa elimu. Anaeleza kuwa aliletewa wali uliopikwa kwa samli katika sinia kubwa la mti, na juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni palikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando, na achari za ndimu, pilipili, tangawizi na maembe. Kisha anaongeza jambo ambalo watu wetu hawapendi kulisikia. Anasema mtu mmoja wa mji ule alikula chakula cha kundi zima la watu wa kwao, na kwamba walikuwa wanene mno.

Subhaanallah! Karibu miaka 700 iliyopita, mgeni wetu aliliona hili.

Lakini msafiri huyo huyo alipofika Mombasa aliona meza nyingine. Anawasifu watu wake kwa dini, uchaji na misikiti yao ya mbao. Na chakula chao, anasema, kwa sehemu kubwa kilikuwa ndizi na samaki, kwa kuwa kisiwa hakikuwa na kilimo cha nafaka. Nafaka waliletewa kutoka bara ya pwani.

Kwa hiyo palikuwa na meza mbili. Ya jumba la mtawala na wageni wake, yenye sinia la wali na samli. Na ya watu wa kawaida, yenye samaki, ndizi na mboga. Sisi tumeichukua ile ya jumba la mtawala tukaifanya ya kila siku. Ya samaki na mboga tukaiita shida.

4. SUKARI NA UNGA MWEUPE VILIRAHISIKAJE?

Hapa pana mambo mazito. Baada ya Wareno kufika mwaka 1498, yalikuja mazao ya Amerika: mahindi, mihogo, viazi vitamu, viazi mbatata. Leo futari yetu imejengwa juu ya mihogo na viazi, na kijana anadhani ni mila ya tangu enzi ya maswahaba. Hapana, ndugu yangu. Mihogo haikujulikana Uarabuni wala Afrika wakati huo.

Kisha sukari. Kuanzia karne ya 16 mpaka ya 19, mashamba makubwa ya miwa yalifunguliwa Brazil na visiwa vya Karibi, na waliolima walikuwa Waafrika waliotekwa na kuvushwa bahari. Sukari ilipata urahisi kwa damu za watu. Wala usidhani hayo yalikuwa mbali nasi. Pangani, katika karne ya 19, palikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Abushiri bin Salim, yule aliyewapiga vita Wajerumani mwaka 1888, alikuwa mmoja wa wenye mashamba hayo. Zanzibar nako mikarafuu ilichukua ardhi kiasi kwamba kisiwa kikawa kinaagiza mchele kutoka nje.

Halafu unga. Kati ya miaka ya 1870 na 1880, mashine mpya za kusagia kwa magurudumu ya chuma zilienea Ulaya na Marekani. Zilitenga kiini na makapi kwa urahisi, ukabaki unga mweupe unaokaa muda mrefu bila kuharibika. Unga huo ukaweza kusafirishwa dunia nzima kwa bei ndogo. Ndio ukawa chapati, maandazi na mikate yetu, na chai ya sukari ikawa mwenzake.

Unaona sasa? Vyakula ambavyo kwa karne nyingi vilikuwa vya nadra vimekuwa vya kila siku ndani ya vizazi vichache tu. Mwili wa mjukuu ni ule ule wa babu. Babu alilima, alivua, alitembea kwa miguu. Mjukuu anakaa dukani au ofisini, anapanda bodaboda, na anakula kila siku kile ambacho babu alikula mara mbili kwa mwaka.

5. WALIOJARIBU KUTIBU KWA SAHANI

Sasa sikiliza historia ya tiba, maana hapa ndipo watu wengi wanapotoshwa mitandaoni.

Mwaka 1776 tabibu wa Kiingereza Matthew Dobson alionyesha kuwa utamu wa mkojo wa mgonjwa ni sukari hasa, na kwamba hata damu yake ina utamu. Mwaka 1797 John Rollo, tabibu wa jeshi la mizinga la Uingereza, akachapisha habari za mgonjwa wake, ofisa aliyeitwa Meredith. Alimpunguzia sana nafaka, akamlisha zaidi nyama na mafuta. Sukari katika mkojo ikapungua na hali yake ikatengenea.

Huko Ufaransa, Apollinaire Bouchardat aliona jambo la ajabu wakati Paris ilipozingirwa na jeshi la Wajerumani mwaka 1870 na 1871. Mji ulikuwa na njaa, mkate ulikuwa haba, na baadhi ya wagonjwa wake wa sukari wakapata nafuu. Akawahimiza wagonjwa wale kidogo, wafanye kazi za mwili, na wale mboga za majani kwa wingi. Na London, mwaka 1863, William Banting, mtu aliyekuwa na kazi ya kuandaa mazishi, aliandika kijitabu akieleza jinsi alivyopunguza unene kwa kuacha mkate, sukari, bia na viazi. Kijitabu kikaenea mno.

Kwa hiyo kula wanga kidogo si fasheni ya jana. Matabibu wamekutumia kwa zaidi ya miaka 200.

Lakini usiishie hapo, kwa sababu anayeishia hapo anaua watu. Kuna ugonjwa wa sukari unaowapata zaidi watoto na vijana, ambao mwili hauwezi tena kutengeneza insulini. Kwa hao, chakula peke yake hakikutosha. Katika miaka ya 1910 tabibu wa Marekani Frederick Allen aliwapunguzia chakula kwa ukali kabisa, ili tu wasogeze siku. Mmoja wao, Elizabeth Hughes, alipofikisha umri wa miaka 15 alikuwa na uzito wa kilo 20 hivi, mifupa na ngozi.

Kisha Allah akafungua mlango. Mwaka 1921, Toronto nchini Kanada, Frederick Banting na Charles Best walifanikiwa kutoa insulini, wakisaidiwa na James Collip katika kuisafisha, katika maabara ya John Macleod. Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alichomwa sindano ya kwanza. Elizabeth naye aliipata mwaka huo huo. Akakua, akaolewa, akazaa, akaishi mpaka mwaka 1981.

Basi ukimsikia mtu, hata awe na kilemba kirefu namna gani, anawaambia watu waache sindano zao kwa sababu ana mchanganyiko wa mbegu na asali, au kwa sababu "chakula ndiyo dawa", mjue huyo ama hajui ama anatafuta pesa. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu, na ametufundisha kuwa Allah hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa. Insulini ni miongoni mwa dawa hizo.

6. MAFUNZO YA HISTORIA HII

Kwanza, wali na kaimati ni halali. Allah ametukataza kujiharamishia vizuri alivyotuhalalishia. Simharamishii mtu pilau. Lakini ameturuhusu kula na kunywa na akatukataza kufanya israfu, na Mtume akatufundisha kuwa tumbo likijazwa ndicho chombo kibaya zaidi cha kujazwa, na mwenye kushindwa basi agawe theluthi: ya chakula, ya kinywaji na ya pumzi.

Pili, Sunna ya Idd haihitaji mlima wa wanga. Idd ya Fitri, Sunna ni kula tende chache kwa hesabu ya witri kabla ya kwenda kuswali. Idd ya Adh-ha, Sunna ni kuchelewa kula mpaka baada ya swala, na chakula chake ni nyama ya kuchinja: ule, uwape jamaa, uwape masikini. Idd Kubwa kwa asili yake ni sikukuu ya nyama! Sisi ndio tuliouzungushia wali, chapati, viazi na soda.

Tatu, mgonjwa akae katika sinia la wote. Badala ya kumpikia yeye sahani moja ya huzuni, fanya vyakula vikuu vya meza viwe vile anavyoweza kula, na wali uwe kando kwa anayeutaka.

7. MEZA YENYEWE

Ili ujue unachofanya, shika hesabu hizi za kukadiria, kila moja kwa gramu 100. Wali mweupe uliopikwa una wanga kama gramu 28. Mihogo mibichi kama 38. Viazi vitamu kama 20. Kabeji, bamia na biringanya kama 6 au 7. Mchicha kama 4. Nyama, samaki na mayai karibu hakuna. Kijiko kidogo cha sukari ni gramu 4, kwa hiyo kikombe cha chai chenye vijiko vinne ni gramu 16 kabla hujagusa chakula.

*Asubuhi ya Idd.* Badala ya maandazi na tambi, pika mayai ya kukaanga kwa vitunguu, nyanya, hoho na pilipili, na supu ya mbuzi au ya kuku yenye tangawizi na ndimu. Idd ya Adh-ha, ini la kukaanga kwa kitunguu saumu na pilipili manga linatosha kabisa. Chai iwe ya iliki, mdalasini na tangawizi. Viungo hivyo vikikolea, utaona sukari inaweza kupungua taratibu mpaka ikaondoka.

*Pilau ya kabeji.* Kaanga vitunguu mpaka viwe vya kahawia. Tia tangawizi na kitunguu saumu kilichotwangwa, kisha bizari nzima, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga. Tia nyama iliyochemshwa na supu yake kidogo, iache ikauke mpaka ibaki na rojo zito. Viazi usitie. Kata kabeji nyembamba sana, kisha ikatekate tena iwe vipande vidogo mfano wa punje. Imwage juu, changanya, funika kwa moto mdogo dakika tano mpaka saba. Isizidi, itatoa maji. Ukipata koliflawa, ikwaruze kwenye mbuzi ya karoti, ufanye hivyo hivyo. Harufu itakuwa ya pilau, kwa sababu harufu ya pilau iko kwenye viungo na supu.

*Kuku au samaki wa kupaka.* Hiki kwa asili yake hakina wanga mwingi. Choma kwa makaa, kisha mpake tui zito lililopikwa na ukwaju, tangawizi, kitunguu saumu, bizari na pilipili. Ukwaju usizidi, una sukari yake.

*Mboga mbili za nguvu.* Mchicha au kisamvu cha nazi, na mumunye au biringanya katika mchuzi wa nyama. Mkumbushe kila mtu mezani hadithi ya Anas na mumunye, watoto watalila.

*Mishkaki na kachumbari.* Mishkaki ya nyama yenyewe, bila kuiongezea chipsi. Kachumbari ya matango, nyanya, vitunguu na ndimu iwe bakuli kubwa, na ianze kuliwa mwanzo.

*Kitamu.* Mtindi mzito usio na sukari, wenye iliki na korosho au lozi zilizosagwa. Tende moja kwa mgonjwa, mbili kwa mzima, ziwekwe kwa hesabu na si kwa sahani. Juisi na soda mezani zisiwepo kabisa. Maji ya ndimu na majani ya nanaa yanatosha.

Kwa futari ya Ramadhani ni mwendo huo huo: tende kwa witri, maji, supu, kisha samaki au nyama na mboga. Mihogo na viazi ukipenda viwe kipande, visiwe sinia.

8. TAHADHARI AMBAYO USIIRUKE

Mgonjwa anayechoma insulini au anayemeza vidonge vya kushusha sukari asipunguze wanga ghafla bila kumwona daktari wake. Dawa ilipimwa kwa chakula alichokuwa akila. Chakula kikipungua na dawa ikabaki ile ile, sukari inaweza kushuka mpaka akazimia. Dalili zake ni jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Ukimwona hivyo na bado ana fahamu, mpe maji ya sukari au juisi mara moja, hata kama amefunga. Allah amempa mgonjwa ruhusa ya kufungua. Akizimia usimmiminie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Na mwenye maradhi ya figo asiongeze nyama bila ushauri wa daktari. Mwende kliniki kabla ya Idd, wiki mbili kabla, mkapange pamoja.

Na wewe kijana mzima unayesoma hapa, usiseme haya hayakuhusu. Mama akiona meza nzima inakula chakula chake, hatajiona mzigo. Na huenda mwili wako nawe ukasalimika kwa sababu hiyo.

Ukimaliza kusoma, mpigie mama au baba leo hii. Muulize kipimo chake cha mwisho kilikuwa ngapi, na Idd hii angependa apikiwe nini. Kisha ingia wewe jikoni, umwache yeye akae.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, wape subira wanaowauguza, utujaalie chakula cha halali chenye siha na baraka, na utukutanishe katika Idd nyingi tukiwa wazima wa mwili na wa dini. Aamin.

Mfikishie ndugu yako mwenye mgonjwa nyumbani. Wabillaahi tawfiiq.